Moyo wa Ndizi Unapiga 74

Wasee, wiki jana nilifunga saa yangu kwenye ndizi. Si saa ya bei. Ni zile ukishuka tao, kuanzia Luthuli hadi River Road, huwezi kuzikosa: zinahesabu hatua, zinapima moyo, zinapima presha, zinapima oksijeni, na bado zinakuonyesha nani amekutext. Ndizi nilinunua pale steji ya 46 Kawangware. Nikafunga mkanda vizuri, nikabonyeza alama ya moyo, taa ya kijani ikawaka chini yake, ikafikiria kama sekunde ishirini hivi, halafu ikaniambia moyo wa ndizi unapiga mara 74 kwa dakika. Nikasema wacha niende hatua moja mbele. Nikapima oksijeni. Taa nyekundu ikawaka, ikasema asilimia 98. Ndizi ilikuwa na afya kuniliko.

Video mliiona, mkacheka, mkashare. Asanteni. Lakini kuna mtu mmoja hakucheka. Shosh yangu, anayeishi Waithaka, alionyeshwa na binamu yangu kwa simu. Aliangalia hadi mwisho, akarudisha mwanzo, akaangalia tena. Halafu akauliza, "Na ile yangu ya kidole, ilikuwa inasema ukweli?"

Hilo swali sikuwa na jibu lake. Na kwa familia yetu si swali la mchezo, kama mtakavyoona. Ndio nikaanza kusoma. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha, na kila nilipofika nilikuwa najiuliza kitu kimoja: hizi namba tunazovaa mkononi zilitengenezwa kutoka kwa mwili wa nani?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1707 daktari Mwingereza aliyeitwa John Floyer aliandika kitabu kuhusu saa ya kupima mapigo. Saa nyingi za wakati huo hazikuwa na mshale wa sekunde wa kuaminika, basi akatengenezewa saa inayokimbia dakika moja tu kisha inasimama, ili ahesabu mapigo bila kubahatisha. Yaani saa na moyo zimejuana zaidi ya miaka 300. Anayekuambia saa ya kupima moyo ni kitu kipya, mwambie apunguze.

Kipimajoto nacho kilikuwa na shida zake. Kilikuwa na urefu wa karibu futi moja, na ulikaa nacho dakika ishirini. Ni Mwingereza mwingine, Thomas Clifford Allbutt, aliyekifupisha miaka ya 1860 kikaingia mfukoni. Mashine ya presha ile ya kufunga mkono na kupampu, babu yake alitoka kwa Scipione Riva-Rocci, Italia, mwaka 1896. Halafu mwaka 1905 Mrusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha kwamba ukiweka kisikizi juu ya mshipa chini ya ule mkanda unasikia presha ya juu na ya chini. Hadi leo daktari akikufunga mkono na kuinamisha kichwa kusikiliza, anafanya mambo ya 1905.

Sasa weka hiyo miaka kando ya yetu. 1896 ndio reli ilianza kujengwa Mombasa. Nairobi haikuwepo, kwa maana ya mji. Dagoretti ilikuwepo: Lugard alijenga ngome hapa 1890, kwenye nchi ya akina Waiyaki wa Hinga, na jina la Dagoretti lilikuwa kwenye safari za Wazungu kabla ya mtu yeyote kuita kinamasi cha huko chini mji. (Tunaodharauliwa kwamba tunaishi mbali na tao, tao ndio ilikuja baadaye. Hiyo muiweke.) Reli ikafika Nairobi 1899, na mwaka 1901 kukafunguliwa hospitali ya Waafrika yenye vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la mfalme, King George VI. Baada ya uhuru ikawa Kenyatta.

Vitanda vilikuwepo, mashine zilikuwepo, na namba zilikuwepo. Lakini namba zilikuwa za hospitali. Ziliandikwa kwenye karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kusoma akiwa amelala. Shosh anasema kila alipoenda kujifungua, walimfunga mkono, wakapampu, wakaandika, na akiuliza ni ngapi alijibiwa tu, "Iko sawa, mama." Watoto watano, na hajawahi kuambiwa namba hata moja. Sidhani walikuwa wabaya. Ni vile tu namba hazikuwa kitu cha mgonjwa kujua.

Mtu wa kwanza kutoa vipimo hospitalini na kuvitembeza alikuwa Mmarekani wa Montana, Norman Holter. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitengeneza mashine ya kurekodi umeme wa moyo ambayo mtu anaweza kuibeba mgongoni na bado atembee. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 38. Hebu fikiria unabeba gunia la viazi ili daktari ajue moyo wako unafanya nini ukiwa unatembea, na bila shaka moyo wako unapiga mbio juu umebeba gunia la viazi. Alikazana akaipunguza, na mwaka 1961 akachapisha kazi yake katika jarida la Science, mashine ikiwa imekuwa ndogo ya kubebeka. Hadi leo kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake.

Lakini jamaa aliyenishika kabisa ni Mjapani, Takuo Aoyagi.

Aoyagi alikuwa injinia wa kampuni ya Nihon Kohden, Tokyo. Miaka ya mwanzo ya 1970 hakuwa anatafuta oksijeni hata kidogo. Alikuwa anataka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani, bila kumtoboa mtu kila saa. Njia yake: unaingiza rangi kwenye damu, unamulika sikio kwa taa, halafu unaangalia rangi ikipita na kuisha. Shida ilikuwa mchoro wake haukutulia. Kila moyo ulipopiga, damu mpya iliingia sikioni na mstari ukatetemeka. Kwake hiyo ilikuwa kelele, kama vile unarekodi podkasti kejani na jirani anapiga msumari ukutani.

Akajaribu kuifuta hiyo kelele kwa hesabu, kwa kutumia taa za aina mbili badala ya moja. Ikafutika. Lakini mtu aliyekuwa anapimwa akishika pumzi, oksijeni ikishuka, kelele ilirudi. Mtu mwingine angetukana na kwenda nyumbani. Yeye akakaa na hiyo shida, akaona kwamba kelele yenyewe ndiyo habari. Damu yenye oksijeni na damu isiyo na oksijeni hazinywi mwanga sawasawa: isiyo na oksijeni inameza taa nyekundu zaidi, yenye oksijeni inameza zaidi ile taa ambayo macho yetu hayaoni. Ukiangalia tu sehemu inayotetemeka na moyo, unajua unapima damu ya mshipa inayoingia, si nyama, si mfupa. Mwaka 1974 kampuni ikaomba hati miliki.

Kampuni yake haikulichukulia kwa uzito sana. Washindani wao, Minolta, ndio waliotoa ya kidole mwaka 1977. Wamarekani wakaja miaka ya 1980 na mashine za Nellcor zikaingia vyumba vya upasuaji, na madaktari wa kulaza watu usingizi wakaapa hawatafanya kazi tena bila hicho kitu. Kwetu upande huu wa dunia hadithi ilikuwa tofauti: mwaka 2010 utafiti katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa na mashine hiyo. Mwingi wa upungufu huo ulikuwa nchi maskini.

Sasa mkishaelewa Aoyagi mnaelewa na ndizi yangu. Yeye alipata mapigo ndani ya kitu wengine waliita kelele. Saa yangu ya Luthuli inafanya kinyume: imeambiwa lazima ipate mapigo, basi ikikutana na kelele tupu, mtikiso wa meza, mwanga wa dirisha, inachagua namba inayofanana na mtu.

Kuna kitu kingine nilichukua muda kukielewa, na hapa ndipo nataka mkae kidogo. Ile mashine ya kidole haijui oksijeni. Inajua mwanga. Inapata uwiano wa taa mbili, halafu inaenda kwenye jedwali iliyowekewa ndani kutafuta: uwiano huu ni asilimia ngapi? Jedwali hiyo ilitengenezwaje? Watu wazima wenye afya waliitwa maabara, wakapumulishwa hewa yenye oksijeni kidogo kidogo, huku wakitolewa damu kwenye mshipa na kulinganishwa na kile mashine inasoma. Yaani ndani ya kila mashine ya kidole kuna kikundi cha watu fulani, mahali fulani. Ukiweka kidole chako, unalinganishwa na wao.

Na wao walikuwa akina nani? Kwa miaka mingi, muongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, ule wa 2013, ulisema inatosha kujaribu mashine kwa watu 10, na angalau wawili wawe na ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya kundi, yoyote iliyo kubwa. Wawili! Sisi kwa ploti moja tu Kawangware tunawashinda.

Basi turudi nyumbani, 2021.

Mnakumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 13, 2020. Kafyu ikaja, maski zikaja, na mwezi wa sita serikali ikatoa muongozo wa kutunza wagonjwa nyumbani, kwa sababu vitanda havingetosha. Watu wengi hawajawahi kuona huo muongozo kama historia, lakini mimi nauona hivyo. Ile karatasi ya miguuni mwa kitanda, kwa mara ya kwanza, ilihamishiwa rasmi kwetu kejani. Jipime joto. Angalia pumzi. Kama unaweza, pata mashine ya kidole. Aoyagi mwenyewe alifariki Aprili 18, 2020, akiwa na miaka 84, wiki zile zile dunia nzima ilikuwa inakimbilia kemisti kutafuta kile alichogundua.

Kwetu ilinunuliwa moja, watu wa ploti walichanga. Shilingi 3,500. Ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kichupa cha sanitaiza, na kulikuwa na sheria: ukimaliza unaipangusa, unairudisha kwa mama wa nyumba ya kwanza. Watoto walikuwa wanaiiba kujipima. Kulikuwa na mashindano ya nani ana 99.

Aprili 2021, Nairobi ikiwa imefungwa pamoja na Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru, shosh akaanza kukohoa. Tukamtoa Waithaka tukamleta kwetu ili asikae peke yake. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, masomo yako kwa simu, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa mtu wa mashine. Kila masaa mawili nilikuwa namshika kidole, nachomeka, nasubiri, naandika kwenye daftari ya chuo. 95. 94. 95. 93. 95. Namba ambayo kila mtu alikuwa anaimba wakati huo ni 94: ikienda chini, kimbia hospitali. Na hospitali wakati huo ilikuwa neno la kuogopesha. Mliona habari, oksijeni imeisha hapa, vitanda vimejaa pale.

Basi mimi nikawa mlinzi wa 94. Ikisoma 95 napumua. Ikisoma 93 namwambia shosh asugue vidole, vina baridi, halafu napima tena hadi inipe 95. Hiyo sehemu sijawahi kuiandika mahali. Nilikuwa napima hadi nipate namba ninayoitaka.

Jioni ya siku ya nne alipita jirani yetu, mama ambaye alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Wakati huo hao walikuwa wa kujitolea, hawana yunifomu, ana kitabu tu na biro. Alisimama mlangoni na maski yake. Nikamwonyesha daftari, kwa kujigamba kabisa, namba zimepangwa kwa masaa. Hakuiangalia. Alitoa simu yake, akafungua saa, akamwangalia shosh kifuani kwa dakika nzima bila kusema kitu. Kisha akasema, "Amepumua mara thelathini na nne. Mtafute gari sasa."

Mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 12 hadi 20. Ikizidi 30, huyo mtu amezidiwa. Hicho kipimo hakihitaji betri. John Floyer na saa yake ya dakika moja angekielewa bila kufunzwa.

Ilikuwa karibu saa mbili usiku, saa ya kafyu. Kupata gari ni hadithi yake. Hospitali ya kwanza walisema hawana oksijeni, hata getini hatukupita. Ya pili walimpokea. Pale mapokezi nesi alimwekea mashine yao kubwa kidole cha shahada, na mimi, sijui kwa nini, nikamwekea yetu kidole cha pili, mkono ule ule. Yao ilisoma 87. Yetu, dakika ile ile, 93.

Alikaa siku 11. Alirudi. Karo yangu ya semesta iliyofuata ilikuwa sehemu ya ile bili, na wale mnaoulizaga kwa nini niliacha chuo, hiyo ni sababu moja kati ya kadhaa. Sijutii hiyo. Ninachojutia ni zile 93 nilizozisugua hadi zikawa 95.

Sasa nirudi kwa swali la shosh, ilikuwa inasema ukweli? Jibu langu baada ya kusoma ni kwamba kulikuwa na mambo angalau mawili ya kuivuta namba yetu, moja kila upande, na hakuna karatasi iliyokuja ndani ya boksi iliyotaja hata moja.

La kwanza ni mahali tunaishi. Pale Dagoretti Corner, makao makuu ya idara ya hali ya hewa, kituo chao kiko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hivyo, uzito wa hewa unashuka hadi karibu asilimia 81 ya ule wa Mombasa. Mtu mzima mwenye afya huku kwetu mara nyingi husoma pointi moja mbili chini ya mtu wa pwani, na hana shida yoyote. Kwa hivyo 95 ya Dagoretti si sawasawa na 95 ya Likoni. Nachekaga nikipita hapo. Kilomita chache kutoka kwa nyumba yetu kuna watu wanaopima hewa ya huu mtaa kila saa, na sisi tulikuwa tunasoma kidole cha shosh kama vile anaishi Mama Ngina Drive.

La pili ni ngozi. Desemba 2020, miezi minne kabla ya shosh kuugua, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha barua fupi kwenye jarida la New England. Walichukua wagonjwa ambao mashine ilisoma 92 hadi 96, yaani hali ya kutuliza roho, wakalinganisha na damu iliyotolewa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 ya vipimo hivyo vilikuwa vya uongo wa hatari: oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa asilimia 11.7. Zaidi ya mara tatu. Ngozi yenye rangi nyingi inameza mwanga kivyake, na jedwali ndani ya mashine haikufunzwa vya kutosha kuhusu hilo.

Na kinachouma si kwamba waligundua 2020. Madaktari wawili, Jubran na Tobin, walikuwa wameandika kitu hicho hicho mwaka 1990. Na kabla yao, miaka ya 1970, Hewlett-Packard walikuwa na mashine ya sikio iliyotumia mwanga wa aina nane badala ya mbili, na ilijaribiwa kwa watu weusi ili kukabiliana na mambo ya rangi ya ngozi. Ilikuwa kubwa na ghali, ndio maana ile ya taa mbili, ndogo na rahisi, ikaipiga kumbo sokoni. Kwa hivyo msiniambie hakuna aliyejua. Miaka thelathini, kuanzia 1990 hadi 2020, ni umri wa mtu kuzaliwa, kumaliza shule, na kupata mtoto wake. Ni Januari 2025 tu ndipo mamlaka ya Marekani ilitoa rasimu ya muongozo mpya, inayotaka mashine za hospitali zijaribiwe kwa watu 150 na zaidi wa rangi mbalimbali za ngozi.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Mwinuko unashusha namba bila mtu kuwa mgonjwa. Ngozi nyeusi inaweza kuipandisha namba mtu akiwa mgonjwa. Moja inakutisha bure, nyingine inakutuliza bure. Halafu kuna kidole baridi, na kuna mashine ya bei rahisi ambayo huenda ilikuwa ndizi tu kwa njia yake. Ile 93 yetu mbele ya 87 yao, siwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo ilifanya kazi. Hata hiyo 87 ilitoka kwa mashine ya taa mbili, kwa hivyo nayo ina watu wake ndani.

Kuna waliojaribu kuanzia huku. Makerere, Uganda, wanafunzi Brian Turyabagye na Olivia Koburongo walitengeneza jaketi inayoitwa Mama-Ope, ya kumvalisha mtoto ili kutambua nimonia. Inasikiliza mapafu, inapima joto na kasi ya pumzi, halafu inatuma kwa simu. Wazo lilitoka nyumbani: nyanya yake Koburongo aliugua, akazungushwa hospitali hadi hospitali kabla ya kujulikana kwamba ni nimonia. Waliingia kwenye orodha ya wagombea wa tuzo ya uinjinia ya Afrika mwaka 2017. Nilipenda kwamba walianza na pumzi. Nimonia kwa mtoto inajionyesha kwa kasi ya kupumua, na wahudumu wengi wanahesabu kwa macho kama yule jirani yetu, mtoto akiwa analia na kurusha miguu. Hapo mashine inasaidia mtu anayejua tayari anatafuta nini. Ni tofauti na kumtupia kijana wa mwaka wa pili kifaa na namba 94.

Na huku kwetu kulikuwa na siku moja nadhani mlipitia tu kwa habari. Septemba 25, 2023, Uhuru Park, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na begi. Ndani ya begi: mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, na simu ya kuandikia. Mambo ya siasa tuyaache. Ukiangalia tangu Riva-Rocci, hiyo ni miaka 127 mkanda wa presha ukitembea hadi kufika mlangoni mwa nyumba ya mabati Kawangware, bila mgonjwa kupanga foleni. Na haukuja peke yake, ulikuja umebebwa na mtu. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuwa umeonyesha zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Na karibu mmoja kati ya wanne anayo.

Huyo mtu naye anakula nini? Makubaliano yalikuwa 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Piga hesabu ya nyumba anazotembea, viatu, maji ya kunywa, siku za mvua zile njia za Ngando zinakuwa matope. Saa ya bei ya Marekani inauzwa zaidi ya mshahara wake wa miezi kumi. Mimi nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili ziingie nyumba ya shosh, sitafikiria mara mbili, na mimi ndiye mtu wa gajeti kwenye familia.

Anyway, nilienda Waithaka Jumapili nikiwa na haya yote kichwani, nikamweleza shosh. Nilimwambia habari ya Mjapani, akapenda. Nilimwambia ya watu wawili kati ya kumi, akanyamaza. Nilimwambia na ile ya kusugua vidole. Akasema alikuwa anajua. Alikuwa ananiona nikifuta kwenye daftari.

Tukiwa hapo, mhudumu wa sehemu hiyo akaingia na begi lake. Alimkalisha shosh kwenye kiti chenye mgongo, akamwambia aweke miguu chini, asiongee, akangoja dakika tano nzima kabla ya kufunga mkanda. 151 juu ya 88. Akaigeuza mashine shosh aone mwenyewe. Akarudia. 148 juu ya 86. Akauliza kama dawa ziliisha, shosh akakubali kwamba ziliisha Alhamisi na hakutaka kusumbua mtu.

Halafu shosh akanigeukia, akanyosha kidole kwa mkono wangu. "Na hiyo yako ya ndizi, ebu tuone inasema ngapi."

Nikamfunga. Taa ya kijani ikawaka, ikafikiria. 118 juu ya 76. Ndiyo iliniambia mimi asubuhi hiyo, na ndiyo iliambia ndizi.

Shosh akaivua, akanirudishia, akamuuliza yule mama kama kliniki inafungua saa ngapi Jumatatu.